David Ndii: mshauri ambaye hatukumpigia kura, tukiwa na swali tunamuuliza wapi?

Fundi wa Kamas, Kisumu

Ndugu zangu naweka hii mada hapa juu imenikaa kifuani tangu jana. Tulikuwa kwa kinyozi Kondele tukabishana mpaka watu wakakaribia kushikana mashati, alafu stima ikapotea kila mtu akaenda kwake na swali likabaki pale pale. Swali lenyewe ni hili: msomi ambaye miaka na miaka ameichambua serikali bila huruma, akiitwa Ikulu akakubali, huo ni usaliti ama ndio kazi ya msomi?

Tulikuwa tunamzungumzia David Ndii. Kwa wale ambao walikuwa bado shule, huyu ni mchumi aliyesomea Oxford, na miaka ya 1990 alikuwa kati ya walioanzisha Institute of Economic Affairs pale Nairobi, lile shirika la kuchambua bajeti na sera wakati kuuliza serikali pesa imeenda wapi kulikuwa na hatari yake. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti. Mimi nilikuwa nanunua gazeti la Jumamosi kwa sababu yake. Machi 2016 aliandika kwamba Kenya ni kama ndoa ya mateso na wakati umefika wa kuzungumzia talaka, na nakumbuka vizuri sana hiyo siku kwa sababu fundi aliyenifunza kuchomelea hakuwa anasoma Kiingereza, kwa hivyo alizima mashine, akavua miwani, akakaa juu ya geti ambalo hatukuwa tumemaliza, akaniambia nimtafsirie mstari kwa mstari. Nikifika mahali pazito ananishika mkono, "rudia hapo." Gazeti lilikaa pale kwa karakana mpaka likawa jeusi kwa mafuta ya mikono.

Kwa nini liligusa? Kwa sababu mtu ambaye si wa kabila letu alikuwa anasema yale tunayasema sisi, na anasema kwa hesabu, si kwa machozi. Mwaka 2017 akawa upande wa NASA, ule muungano wa upinzani wa Raila, akiwa ndiye mpanga mikakati. Korti ya Juu ikafuta uchaguzi Septemba 1, marudio yakawa Oktoba 26 na huku Kisumu hatukupiga kura, tulizika watu. Yeye akapewa kuongoza ile kamati ya Bunge la Wananchi, lile baraza la upinzani, na Desemba akakamatwa kule Diani. Siku hiyo hapa watu walisema wamemkamata wetu. Wetu, ndio neno walitumia.

Machi 9 2018 marehemu Raila na Rais wa wakati huo Uhuru wakasalimiana, Ndii hakufuata. Akaenda kortini kupinga BBI, ule mpango wao wa kubadilisha Katiba, na ile kesi ina jina lake mpaka leo, Mahakama Kuu ikaizima BBI Mei 13 2021, Korti ya Juu ikamaliza Machi 31 2022. Wengi wenu hapa mlimtukana juu BBI ilikuwa ya Baba, yaani Raila. Alafu 2022 huyo akawa na Ruto, akizunguka kaunti kwa kaunti kuandikisha yale matakwa ya wananchi, na baada ya uchaguzi akawa mwenyekiti wa Baraza la Washauri wa Uchumi wa Rais.

Sasa msimamo wangu. Mimi sisemi ni msaliti. Mtu kubadilisha kambi si dhambi, Baba mwenyewe alisalimiana, na leo Mbadi wetu wa Suba ndiye ameshika Hazina ya Taifa tangu Agosti 2024. Kinachoniuma ni kingine. Mbadi akikosea kuna bunge linamwita, na kabla akalie kile kiti bunge lilimhoji. Gavana tunamtoa kwa kura. Ndii je? Kalamu yake iko kwa kila kitu kinachogusa mfuko wangu na hakuna hata mlango mmoja ambao mimi fundi wa Kamas naweza kugonga nimuulize, isipokuwa kule X, ambako anajibu akitaka, na mara nyingi kwa ukali.

Mkulima wa Njoro, Nakuru

Fundi nakuheshimu lakini hapo umekosea. Hawa watu wa kuandika makala tumewasikia tangu uhuru, wanalaumu, wanalaumu, alafu wanaenda kulala. Huyu aliambiwa haya njoo ufanye, akaenda. Mimi nalima mahindi na viazi. Mwaka 2022 msimu wa masika mfuko wa mbolea ulipita 6,000 na nilipanda nusu shamba nikaacha nusu ikamea magugu. Serikali mpya ilipoingia Septemba ikaleta mbolea ya 3,500, mwaka uliofuata ikashuka 2,500. Ndio nililala kwa foleni ya NCPB, ndio jina langu lilikuwa limepotea kwa mtandao mara ya kwanza, lakini nilipata. Waliondoa ruzuku ya unga wakaipeleka kwa mbolea, na hiyo ndio hesabu ya mchumi: msaidie anayezalisha kabla ya anayekula. Wanasiasa wa kawaida hawangethubutu.

Na usisahau dola. Mwanzo wa 2024 dola moja ilikuwa imefika 160 na kitu, kila mtu anasema tutashindwa kulipa ile Eurobondi ya dola bilioni 2 ya Juni. Februari wakakopa bilioni moja na nusu nyingine, riba ilikuwa kubwa sikatai, zaidi ya asilimia 10, lakini deni likalipwa na shilingi ikarudi karibu 130. Jirani yetu Ethiopia ilianguka hapo. Mpe mtu haki yake.

Mwalimu wa Nyalenda

Mkulima hiyo mbolea ilifika kwako, mimi kilichonifikia ni karatasi ya mshahara. Kwa kila 40,000 unatoa 600 ya nyumba, asilimia moja na nusu, unatoa 1,100 ya afya, asilimia 2.75, na hujagusa kodi yenyewe na NSSF ya uzeeni. Petroli nayo siku moja baada ya Ruto kuapishwa ilitoka 159 ikaenda 179 Nairobi, mwaka uliofuata wakaongeza VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka asilimia 8 mpaka 16, Septemba 2023 ikavuka 211. Nauli ya matatu ya kwenda shule ilipanda na haikurudi. Ndii ndiye alikuwa anatuandikia kwamba Uhuru anakopa kujenga reli isiyojilipa, na alikuwa sahihi kabisa! Sasa nauliza, yule aliyekuwa anatuonyesha kwamba hesabu za serikali hazina mtu ndani yake, alienda wapi?

Binti wa muuza omena, Kibuye

Nisaidieni na hii moja tu juu mimi si mtu wa siasa. Mamangu anauza omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Kibuye kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Ile Hazina ya Hustler, mkopo wa serikali wa kwa simu, ilipotoka mwisho wa 2022 mimi ndio nilimbonyezea simu. Akaomba 500, ikaingia 475. Akaniuliza 25 imeenda wapi, nikamwambia wamekuwekea akiba, akasema lakini mimi sikuomba kuwekewa akiba, niliomba 500 ya kuongezea gunia. Na kulipa ni siku 14. Omena ya mvua haikauki siku mbili tatu, inaweza kukaa hapo imelowa mpaka ianze kunuka, na siku zinahesabika. Riba kweli ni ndogo, asilimia 8 kwa mwaka, hakuna mtu huku sokoni anakopesha hivyo, hilo mama mwenyewe anasema. Lakini aliyepanga siku 14 aliwahi kuanika omena? Hapo ndio mimi nataka kumwuliza mtu. Simjui ni nani.

Fundi wa Kamas, Kisumu

Binti asante, "simjui ni nani" ndio neno nilikuwa natafuta tangu jana na nimelikosa.

Mkulima, sikatai mbolea na sikatai dola, hayo ni ukweli. Lakini wacha niwarudishe nyuma kidogo muone kwa nini nalishikilia hili. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ule wa ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake wataalamu wa uchumi waliandika kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na stima tayari. Kwa karatasi hiyo ni hesabu safi. Kwa maisha ya watu maana yake ni kwamba aliyekuwa na reli ya mkoloni akaongezwa, na wengine wakaambiwa wangoje. Miaka 60 baadaye bado tunangoja. Watu wa kaskazini wanangoja kutuliko.

Lakini angalieni kitu. Waziri aliyeubeba ule waraka alikuwa Tom Mboya, mtoto wa watu wa Rusinga, na alikuwa mbunge, alisimama akautetea kwa jina lake. Na kukatokea mchumi mwingine wa kutoka Kogelo, Barack Obama mkubwa, babake yule rais wa Marekani, mwaka huo huo akauchambua kwa maandishi kwa jarida la wazi, akiuliza utamilikishaje Waafrika uchumi kwa njia hiyo. Mchumi kwa waziri, mchana, kila mtu anasoma. Waraka ulipita, sawa, lakini leo mimi naweza kujua nani alisema nini. Mjukuu wangu akitaka kujua siku 14 zilitoka wapi atasoma wapi?

Mkulima wa Njoro, Nakuru

Historia umetoa nzuri lakini sasa fikiria na upande huu. Mshauri akijua kila anachomwambia Rais kitawekwa hadharani, atasema ukweli? Ataanza kusema vile watu wanapenda. Mimi nikienda kwa daktari wa ng'ombe nataka aniambie huyu atakufa, sio anitafutie maneno matamu kwa sababu jirani anasikiliza. Na uamuzi ni wa Rais, si wa Ndii. Umpe lawama aliyepigiwa kura.

Fundi wa Kamas, Kisumu

Hapo umenigusa na nimekaa na hilo tangu asubuhi nikichomelea. Ni kweli minong'ono ya Ikulu ibaki Ikulu. Sitaki kujua walinong'onezana nini na chai.

Lakini kuna minong'ono na kuna hesabu. Ushauri ukishageuka mswada, ile karatasi yenye hesabu itoke. Chukua Mswada wa Fedha 2024, walitaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mtu alikaa chini akapiga hesabu kwamba mkate utaleta kiasi fulani. Je, alipiga hesabu ya nyumba ambayo chakula cha jioni ni mkate na chai? Kama alipiga, tuonyeshwe. Kama hakupiga, tungemwambia Mei, kabla vijana waende barabarani Juni 25. Siku hiyo huku mjini moshi wa vitoa machozi ulifika mpaka kwa karakana yangu, nilifunga na mwanafunzi wangu wa miaka 19 hakuwa amerudi, nikamngoja kwa geti mpaka saa mbili usiku. Alirudi. Kuna wazazi walingoja hivyo hivyo na wao hawakurudishiwa mtu. Kesho yake Rais akasema mswada umeondolewa. Siku moja! Kwa hivyo iliwezekana kuondolewa.

Na Ndii wa zamani ndiye alitufunza kudai hizo karatasi, ndiyo ilikuwa kazi ya shirika lake. Namwomba tu kile alichokuwa anaomba yeye.

Mwalimu wa Nyalenda

Na afike mbele ya kamati ya bunge mara moja kwa mwaka aulizwe, kama waziri. Profesa Nyong'o pia alitoka chuo, akawa waziri wa mipango 2003, lakini alipitia kura na sisi tulikuwa tunajua tutamkuta wapi.

Mkulima wa Njoro, Nakuru

Kwa karatasi ya hesabu, fundi, nimekubali, itoke pamoja na mswada. Kwa kuitwa bungeni bado nakataa, wale wabunge watamgeuza mchezo wa kamera. Na binti wa Kibuye, mwambie mama aandike hilo la mvua na siku 14 alipeleke wakati wa maoni ya bajeti kwa kaunti, hata kwa Kiluo, aandike vile vile alivyokuambia.

Binti wa muuza omena, Kibuye

Nimemsomea. Anauliza akiandika, itasomwa na nani.