Mnara wa mashujaa Tabora: askari na bunduki au mpagazi na mzigo?

Mtoto wa Cheyo: Wadau, siku tukijaaliwa mnara mpya wa Vita vya Kwanza hapa mjini, juu asimame nani? Mimi nasema mpagazi. Askari wa sanamu yupo Dar tangu 1927, bayoneti kaielekeza bandarini. Wapagazi wametajwa chini kwenye jiwe, eti miguu na mikono ya jeshi, halafu juu kapanda mwingine.

Mjeda Mstaafu: Mnara wa mashujaa unataka silaha. Mpagazi alikuwa kibarua tu.

Mama Isevya: Kibarua? Kibarua hulipwa jioni akalala kwake. Babu wa mume wangu walimkamata shambani, hata kaburi lake hatulijui.

Mjeda Mstaafu: Shikamoo mama. Sikumkusudia babu. Lakini Waingereza walipoiteka Tabora waliiteka kwa bunduki.

Mwalimu wa Zamu: Waingereza wapi? Ni Wabelgiji, 19 Septemba 1916. Mkubwa wao Tombeur akaja kupewa ubaroni wa Tabora. Jina la mji wetu kaondoka nalo yeye, na majina ya waliombebea risasi nani anayo?

Fundi Kiloleni: Mimi nimeshachora. Mzigo kichwani, ngata ya majani ya mgomba, shingo imekaza mpaka mishipa inaonekana.

Mnyamwezi Asilia: Kichwani?! Hao ni watu wa pwani. Mnyamwezi alibeba begani. Mchonge hivyo watucheke mpaka Sikonge.

Fundi Kiloleni: Ulikuwepo?

Mnyamwezi Asilia: Babu yangu bega moja lilikuwa na sugu kama kisigino. Wewe ngata umeiona kwa mkeo akitoka kisimani.

Fundi Kiloleni: Mke wangu mwache.

Mwanga Kigoma: Watani, na Waha hawakubeba? Mwisho mtadai na meli yetu ya Liemba ni yenu. Wajerumani wameizamisha wenyewe 1916, injini wamezipaka grisi, Waingereza wakaiibua 1924. Mnara wetu unaelea!

Mnyamwezi Asilia: Umeundwa Ujerumani, ukaja kwenye masanduku. Cha kwenu hapo ni maji.

Mwanga Kigoma: Na ukaungwa Kigoma! Riveti aligonga baba yako?

Mtoto wa Cheyo: Jamani, askari au mpagazi?

Mjeda Mstaafu: Waweke wote wawili, ila askari atangulie.

Mama Isevya: Atangulie kwenda wapi, na chakula chake kiko nyuma?

Fundi Kiloleni: Haya, begani. Kushoto au kulia?