Kijana wangu kahamishiwa CTC (kliniki ya VVU) ya wakubwa, hataki kwenda. Naombeni ushauri

Mama Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Miaka yote nasoma tu humu, leo yamenifika.

Nalea mtoto wa marehemu dada yangu. Alizaliwa na maambukizi, dawa kaanza ana miaka minne, sasa ana 18 na yuko VETA anasomea umeme. Tulikuwa kliniki ya watoto siku zote. Jumamosi anakutana na vijana wenzake, wanapiga stori, wanachukua dawa wanarudi. Matroni anamjua tangu enzi za kumezeshwa dawa ya maji kwa bomba la sindano. Mwezi wa tatu nikaambiwa ameshakuwa mkubwa, nikapewa barua, basi. Kwa wakubwa ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, siku za masomo. Alienda mara moja, akamkuta kwenye benchi mwalimu wake wa shule ya msingi. Akageuza.

Juzi natandika kitanda nakuta kopo chini ya godoro, limeshindiliwa pamba ili vidonge visilie akitembea nalo. Nikahesabu: 41. Vilitakiwa viwe vimekwisha. Nikimuuliza anasema "nitaenda". Nimfanyeje? Mama yake tulimzika hivihivi, kwa "nitaenda".

Bwashee77
Miaka 18 huyo ni mwanaume. Mwache ajitegemee, unamdekeza.

Jirani Mwema
Dada, kuna mtumishi anaombea haya mambo yanaisha kabisa. Nifuate pembeni.

Fundi Redio
@Jirani Mwema ishia hapohapo. Mwaka 2011 tulipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, kuna watu kwetu waliacha dawa na leo hawapo. Mama, usimfuate huko pembeni. Halafu hujasema: kijana anajua aliupataje?

Mama Kihonda
Nilimwambia ana 13. Kabla ya hapo nilikuwa nasema ni dawa za kifua. Hilo hajanisamehe vizuri mpaka leo.

Nesi wa Zamu
Niko CTC mwaka wa 11, mkoa mwingine. Kosa si lako peke yako, hata sisi tunampa mzazi barua kama anahamisha mtoto shule. Haya mambo yalitakiwa yaanze mapema, akiwa na 14 au 15: aingie kwa daktari mwenyewe, wewe usubiri nje. Nikuulize, anajua jina la dawa anayomeza? Anajua majibu yake ya mwisho ya wingi wa virusi? Wengi ninaowapokea hawajui, maana mama ndiye aliyekuwa anajibu kila swali.

Rudi kwa matroni na mweleze habari ya kopo bila kuficha. Aombe kipimo cha wingi wa virusi. Vikiwa juu ya 1,000, uhamisho usubiri: apewe ushauri wa ufuasi wa dawa, apimwe tena. Akitulia, matroni amsindikize mwenyewe mpaka kwa wakubwa, amkabidhi kwa mtu mmoja atakayemjua kwa jina. Ulizia pia dawa za miezi mitatu au sita, atakosa VETA siku chache tu kwa mwaka.

Nimezaliwa Nayo
Shikamoo mama. Mimi ndiye huyo mwanao, nimemzidi miaka sita tu.

Siku yangu ya kwanza kwa wakubwa mhudumu aliniuliza mbele ya foleni, "Na wewe mdogo hivi, umeyapatia wapi?" Nikaona haya kama nimekamatwa nimeiba. Sikurudi miezi saba, virusi vikapanda mpaka 40,000 na ushee. Aliyenirudisha ni mwelimishaji rika, kijana kama mimi. Wiki mbili alikuwa ananipigia tunabishana mpira tu. Ya tatu ndiyo akauliza, "Njugu unameza?" Yaani dawa.

Leo kipimo hakioni virusi, na nina mchumba anayejua kila kitu na hana maambukizi. Mtafutie mtu amwambie hilo: virusi vikifubaa hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzio kwa kujamiiana. Pengine ndilo linalomkosesha usingizi na wewe hawezi kukuuliza. Mimi nilikuja kulijua na miaka 20.

Usimhamishie kliniki ya mbali kumkwepa mwalimu, nauli ilinishinda mimi. Mwalimu naye kaogopa kuonekana.

Na kopo lirudishe ulipolikuta, umwambie umeliona.

Nesi wa Zamu
Huyo wa "umeyapatia wapi" amenikera. Siri ya mgonjwa iko kwenye sheria ya UKIMWI ya 2008, si hisani.

Mama Kihonda
Asanteni sana, nimesoma nikalia. Nimelirudisha kopo. Nikamwambia nimeliona, akanyamaza, ila usiku nimesikia anafungua. Matroni yuko semina mpaka Ijumaa. Kijana amekubali twende Ijumaa hiyo, kwa sharti moja: nibaki kwenye bajaji, nisishuke.