MREJESHO: Jini, ramu na wiski kwa korosho za Mtwara

Wakuu, nimerudi. Niliuliza tuanze na chupa ipi, mimi na washkaji hapa Shangani, tukitaka kuonja jini, ramu na wiski jioni moja bila ulimi kufa ganzi. Mkasema: jini kwanza, wiski mwisho, maji yawe karibu.

Jini ilikuwa Gordon's. Kavukavu imenishinda, ile harufu ya mreteni, tunda linaloipa jini ladha yake, ni kama dawa ya kuchua. Kwa toniki na ndimu ikapita.

Ramu sasa! Ya Jamaika, ya kahawia, inayotokana na molasi ya miwa. Puani ndizi zilizoiva kupitiliza, mdomoni sukari iliyoungua, halafu moto unashuka taratibu. Shemeji akaizimua na dafu, nikamwacha, kila mtu na koo lake. Korosho za kuchoma zisizo na chumvi ziliikaa vizuri mno, mafuta yake yanapoza ukali.

Wiski ni Jameson, ambayo hupikwa mtamboni mara 3, na ulaini wake unaonekana. Aliyenishauri matone machache ya maji, ubarikiwe: vanila ya pipa la mwaloni ikajitokeza.

Alama zangu: ramu 8, wiski 7, jini 5. Uraka, pombe ya mabibo ya kuchachushwa tu, ulioletwa na jirani sikuupa alama, si wa kundi hili la pombe kali, ingawa ndio uliowahi kuisha.

Swali jipya: zile wiski za Islay, kisiwa cha Uskoti, zenye ladha ya moshi zitakubaliana na pweza wa kuchoma?