Mrejesho: matairi ya Noah nimeshanunua
Wakuu, niliuliza ninunue wapi matairi manne mapya ya Noah, 195/65R15, bei na waranti zikinichanganya. Nimezunguka Kampala siku mbili. Ndeeba nilipata kwa 230,000 moja, waranti ya mdomo: "Likisumbua rudi tu, mzee." Duka la mjini walitaka 310,000, waranti ya maandishi miaka 2, balansi na valvu humohumo.

Aliyenishauri niangalie tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwa tairi, Mungu ambariki. Lile la Ndeeba nililipangusa vumbi kwa kidole, nikasoma 1419: wiki ya 14, mwaka 2019. Vinyweleo vyake vya mpira vyote vipo, lakini limezeekea dukani. La mjini lilisomeka 0825.

Waranti niliisoma yote nimesimama pale kaunta. Inahusu kasoro za kiwandani tu, mashimo ya barabarani hayamo. Kwa Kampala hii! Basi nikatumia hilo kubembeleza bei, ikashuka hadi 295,000.

Risiti nimeipiga picha, maana zile za mashine hufutika. Alaimenti nimepiga palepale, gari halivuti tena kushoto.