Mdogo wangu wa Tandahimba: hii ni sonona (depresheni) au kuna kitu kingine? Nimesoma vigezo nimechanganyikiwa

Binti Chikongola
Habari za saa hizi wadau. Nipo Mtwara mjini, nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 27 yupo Tandahimba anaangalia mikorosho ya marehemu baba. Toka mwezi wa tano mwishoni kabadilika mpaka watu wanapiga simu. Nimeenda juzi nimekuta mifuko ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, imeegemezwa ukutani haijafunguliwa, na mikorosho ya upande wa barabarani imeshashika ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, yeye kalala saa nne asubuhi kajifunika. Huyu ni mtu ambaye miaka yote saa kumi usiku yuko shambani na mashine ya kupulizia. Hali vizuri, kakonda, mpira haangalii, anasema anamsikia marehemu baba anamwita, ukimuuliza anasema "mimi mzigo tu kwenu".
Sasa nimesoma mtandaoni kuna kitabu cha Wamarekani cha vigezo vya magonjwa ya akili, DSM-5, kinasema ukiwa na dalili 5 kati ya 9 ni depresheni. Nimehesabu mdogo wangu anazo 7. Kuna jirani kaniambia duka la dawa wanauza amitriptilini, dawa ya sonona, je nimnunulie aanze? Maana mama analia kila siku na shangazi ameshaanza habari za kumpeleka kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji.

Mzee wa Ming'oko
Pole mwanangu. Hayo ni majini ya watu, korosho zinaleta husuda sana huku. Kabla ya hospitali angalieni kwanza nyumbani.

Machinga Original
Mzee kila kitu majini, mtu akikosa mkopo majini 😂

Nesi wa Kusini
Dada pole sana. Mimi ni muuguzi, akili ndo kitengo nilichofanyia kazi muda mrefu. Usinunue dawa. Ngoja nieleze taratibu maana hiyo "5 kati ya 9" watu wanaichukua nusu.
Ni kweli zipo 9: huzuni, kukosa hamu ya vitu alivyokuwa anavipenda, chakula au uzito kubadilika, usingizi kuzidi au kukata, mwili kuwa mzito au kuhangaika, uchovu, kujiona hafai, akili kutotulia, na mawazo ya kufa. Lakini katika hizo 5 lazima iwemo huzuni au kukosa hamu, moja kati ya hizo mbili, ziende pamoja wiki 2 zisizopungua, karibu kila siku, na ziwe zimeharibu maisha yake, kazi au mahusiano. Hapo kwa mdogo wako mifuko ya salfa inajieleza yenyewe.
Halafu kuna sehemu ambayo watu hawaisomi, ya kuondoa vitu vingine. Isiwe ni pombe, isiwe ni ugonjwa wa mwili. Upungufu wa damu unalaza mtu, tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anakuwa hivyohivyo, ndo maana daktari atataka vipimo vya damu japo sonona yenyewe haionekani kwenye damu.
Nina maswali mawili. Anakunywa nipa au uraka? Na je, ameshawahi kuwa kinyume cha hivi, yaani kachangamka kupita kiasi, halali na hachoki?

Binti Chikongola
Pombe hagusi kabisa, hata sigara. Hilo la pili umenishtua nesi. Mwaka jana kwenye minada ya korosho, hela zilipoingia, alikaa kama siku kumi hivi halali, usiku wa manane ananipigia simu anaongea huwezi kuchomeka neno, kachukua pikipiki mbili kwa mkopo siku moja, kaahidi watu kuwajengea msikiti, akamtukana mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mbele za watu. Sisi tukasema hela imempanda kichwani, si unajua msimu ukifika kila mtu anakuwa hivyo.

Nesi wa Kusini
Hapo sasa dada ndo penyewe. Furaha ya hela ya korosho naijua, mtu ananunua spika na bati, lakini usiku analala na asubuhi anachoka kama wenzake. Mtu anayekaa wiki nzima au zaidi yuko juu, nguvu zimezidi, usingizi hauhitaji, anaongea bila breki, anajiona mkubwa, anatapanya hela mpaka anaharibu, hiyo inaitwa mania. Ikishatokea hata mara moja, hicho cha sasa hakiitwi tena sonona ya kawaida, daktari ataanza kufikiria bipola, ugonjwa wa kupanda juu na kushuka chini kwa vipindi. Na matibabu yanabadilika, dawa ya sonona peke yake bila dawa ya kutuliza hali inaweza kumrusha tena juu. Ndo maana nimesema usinunue. Ila mimi sijamuona, kwa hiyo sijasema anayo.

Kijana wa Nachingwea
Nesi samahani, demu wangu asubuhi anacheka jioni kanuna, hiyo si bipola?

Nesi wa Kusini
Hapana kaka, hiyo ni wewe umemkera. Vigezo vinahesabu siku: mania ni wiki 1, ile ndogo yake ni siku 4 mfululizo, na watu wa karibu wanaona kabisa huyu siyo yule. Hasira za jioni hazimo.

Mama Mikindani
Na mimi naomba kuuliza hapohapo, moyo unaenda mbio ghafla, jasho, mikono inakufa ganzi, naona nakufa, baada ya muda kidogo imeisha. Nimepima moyo mara mbili wanasema mzima. Sasa hata sokoni naogopa kwenda peke yangu.

Nesi wa Kusini
Mama hayo yanafanana na shambulio la hofu, panic. Shambulio moja siyo ugonjwa bado. Wanaangalia kama yanajirudia bila sababu na kama kwa mwezi 1 au zaidi mtu anaishi kwa kuogopa lijalo au ameacha mambo yake, kama hivyo sokoni. Na wewe nenda, inatibika.

Mzee wa Ming'oko
Haya nesi, tuseme siyo majini. Lakini huyo kijana anasema anamsikia marehemu baba yake anamwita, hiyo nayo ni hospitali?

Nesi wa Kusini
Mzee wangu shikamoo. Kumsikia marehemu baada ya msiba peke yake hawaiiti ugonjwa, mila za mtu wanaziangalia. Wakitaka kumsomea dua wamsomee, mradi asifungwe kamba na asikatazwe dawa. Ila dada, sauti hiyo inamwambia nini? Amfuate?

Binti Chikongola
Sijamuuliza naogopa nitamtia wazo.

Nesi wa Kusini
Muulize waziwazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo. Akisema ndiyo asiachwe peke yake hata kidogo, mpelekeni siku hiyohiyo. Na leo hii mpigie mama, viuatilifu vya mikorosho vyote vitoke hapo nyumbani viende kwa jirani. Kama ametulia anzeni hospitali ya wilaya hapo Tandahimba wawape rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Uende wewe mwenyewe naye, maana mgonjwa akiwa chini haikumbuki mania au anaona aibu, ataeleza huzuni tu. Andika: minada ilikuwa mwezi gani, siku ngapi hakulala, pikipiki, mkopo, na kwenye ukoo nani alishawahi kuwa hivyo.

Binti Chikongola
Kwenye ukoo yupo baba mdogo, tulikuwa tunaambiwa alirogwa Newala. Nampigia mama sasa hivi.