Nimebishana na baba mkwe kuhusu hotuba ya JK ya 2014, naombeni ushauri

mkwe_wa_ukonga:
Wakuu habari za jioni. Wa kucheka chekeni ila mniachie na ushauri.

Ukweni wana grupu la ukoo la WhatsApp, mle kawaida ni misiba, michango na picha za maua za asubuhi. Juzi shemeji mmoja katupia klipu ya JK, yaani Jakaya Kikwete, rais wa wakati huo, akilihutubia Bunge Maalum la Katiba Dodoma, ile ya tarehe 21 Machi 2014, baba mkwe akaandika huyu ndo rais bana, alituokoa na serikali tatu (yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, badala ya mbili tulizonazo). Mimi nikajibu kwa adabu, nimeanza na shikamoo kabisa, nikasema mzee hoja zake kadhaa zina uzito ila pale rais alienda kuzindua Bunge, sasa kuichambua vile rasimu ya Katiba mpya iliyopendekeza serikali tatu, mbele ya wajumbe, wakati Jaji Warioba, mwenyekiti wa Tume iliyoiandaa, kaiwasilisha tarehe 18 tu na Tume yake imeshamaliza kazi, nani angemjibu? Mjumbe wa chama chake ambaye mwenyekiti wake ndo huyohuyo rais atasimama aseme nini?

Mzee hakuandika, katuma voisi. Ndefu, nyuma TV inaunguruma taarifa ya habari, mara anamfokea mtu apunguze sauti, afu anarudi kwangu: "vijana siku hizi mnamfundisha mpaka rais kazi." Toka hapo salamu zangu zinaishia tiki za bluu. Waifu anasema niombe radhi yaishe. Ningetukana ningeomba hata saa hii, lakini radhi ya maoni? Na kuna kikao cha sendofu ya mdogo wake kinakuja, mzee mwenyekiti mimi mweka hazina. Nifanyeje?

pweza_wa_feri:
Mweka hazina hanuniwi mkuu, kaa na hela hiyo uone nani atapiga simu wa kwanza 😂

Ma'Twins:
Kaka yangu achana na Katiba kwanza. Umemjibu baba mkwe mbele ya watoto wake na wajukuu, hata ungesema mvua inanyesha na kweli inanyesha bado angenuna. Nenda kwake, usipige simu. Beba sukari na mkate wa bibi, kaa, ongelea sendofu, siasa mwache aanze mwenyewe. Na ataanza tu, nawajua hawa wazee.

kijana_wa_zamani:
Mimi niko upande wa mzee. Rais naye ana haki ya maoni, na mle alisema mwenyewe uamuzi ni wa wajumbe. Alichouliza ni cha msingi: rasimu imeshusha mambo ya Muungano toka 22 mpaka 7, serikali ya tatu tegemeo lake kubwa ushuru wa bidhaa, hiyo hela inatosha kulisha jeshi? Mpaka leo sijaona aliyejibu hilo vizuri. Nyie mnashika alisema wapi na lini, mnaruka alichosema.

mkwe_wa_ukonga:
@kijana_wa_zamani swali la hela nalikubali, na mzee nilimwambia hoja zina uzito. Ila wapi na lini ndo penyewe hapo. Angesema mwaka mmoja nyuma kama mwananchi anayetoa maoni kwa Tume nisingekuwa na neno. Pale kasema akiwa rais, mwenyekiti wa chama, na wajumbe 201 waliokaa mbele yake kawateua yeye.

Babu Kariakoo:
Mwanangu, huyo mzee alikuwa mtumishi wa serikali? Kama ndiyo, basi 1993 anaikumbuka vizuri, wale wabunge 55 walipotaka serikali ya Tanganyika na Mwalimu akaja juu mpaka jambo likazimwa. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imeshapendekeza serikali tatu, na baadaye kamati ya Jaji Kisanga nayo ikaja na mapendekezo hayohayo, zote zikagonga mwamba. Kwa watu wa rika letu ukitamka serikali tatu tunasikia Muungano unavunjika. Wewe unaongea utaratibu, yeye anasikia unataka kuuza nchi. Muulize alikuwa wapi mwaka huo afu unyamaze umsikilize, usimkatize hata akikosea tarehe.

pweza_wa_feri:
Afu kinachonichekesha, mnanuniana kwa ajili ya kitu chenyewe hakijafika. UKAWA, umoja wa wapinzani mle bungeni, walitoka 16 Aprili, waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, makamu mwenyekiti wa lile Bunge akiwa Mama Samia huyuhuyu, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015 na haikupigwa. Tunatumia ya 1977 mpaka leo. Pilau haijabandikwa mshagombania ukoko.

kijana_wa_zamani:
@pweza_wa_feri ndo maana watu bado wanabishana, ingepigwa kura tungeshajua.

mkwe_wa_ukonga:
Nimewasoma wote. Radhi siombi kwa maoni, ila kumjibu mbele ya wajukuu Ma'Twins kanikamata, hilo nitalisema kwa mdomo wangu. Babu, ndiyo, alikuwa mtumishi, kastaafu wizarani, na mwaka huo nahisi alikuwa hukohuko Dodoma maana waifu kaanzia shule kule. Jumamosi naenda. Mwenye rasimu ya Warioba yote anitumie, mzee anapenda kusoma, nitamprintia kwa herufi kubwa.

Ma'Twins:
Na sukari usisahau.