Naombeni ushauri: Nataka kuendesha baiskeli na mzee wangu wa miaka 66 kando ya mto Somme, Ufaransa

Binti Nansio (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Naishi Lille, kaskazini mwa Ufaransa, huu mwaka wa saba. Mwezi wa sita baba yangu anakuja kunitembelea kwa wiki tatu, viza imeshatoka. Ni mtu wa Ukerewe, ana miaka 66, na maisha yake yote ni baiskeli. Alitusomesha kwa kubeba samaki kwenye keria ya Phoenix, alfajiri kutoka mwaloni hadi Nansio, jua na mvua. Nilipomuuliza kwenye simu angependa kuona nini huku, nilidhani atataja Paris. Akaniambia, "Nataka tuendeshe baiskeli mimi na wewe, kando ya maji, nikiwa sina mzigo."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Nimechagua bonde la mto Somme kwa sababu kuna njia ya baiskeli inayofuata mto na mfereji wake hadi baharini. Mpango wangu ni kuanzia Péronne na kuishia Saint-Valery, siku tano, maana mto unateremka kwenda baharini na nataka apate mteremko. Shida zangu: goti lake la kulia humsumbua akikaa sana. Mimi mwenyewe nimezoea baiskeli ya mjini tu, safari ya siku nyingi sijawahi. Tulale wapi, tule nini, na je, siku tano zinatosha? Mliopita huko nisaidieni.

Mtu wa Pwani

Dada, miaka 66 na goti bovu? Mpeleke Paris, apande boti, ale, apumzike. Baiskeli ameendesha vya kutosha.

Binti Nansio

Kaka, nimekusikia, ila hilo ndilo aliloomba yeye mwenyewe. Sitambadilishia.

Fundi Spoki

Mimi Ufaransa sijafika, ni fundi baiskeli hapa Mwanza. Nizungumzie goti.

Wazee wetu wanapenda kiti kifupi ili miguu yote miwili ifike chini wakisimama. Kwa mwendo wa sokoni si neno, lakini kwa kilometa 30 au 40 kwa siku, kiti kifupi kinaua goti. Mpandishe kwenye baiskeli akiwa ameegemea ukuta, aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Akirudisha unyayo kwenye pedeli kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Atalalamika siku ya kwanza kwamba yuko juu sana. Mwambie avumilie, na akisimama ateremke kitini, asibaki amekaa huku akitafuta ardhi kwa vidole.

La pili ni gia. Mtu aliyezoea Phoenix, gia moja, atakanyaga gia nzito kwa nguvu kwa sababu ndivyo mwili wake unavyojua. Mwekee gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma. Mfundishe siku mbili hapo mtaani kabla ya safari.

La tatu, breki. Baiskeli za huko, mkono wa kushoto ndio breki ya mbele. Mwonyeshe kabla hajapanda, aijaribu polepole. Akiishtukia kwenye changarawe, atapita juu ya usukani.

Kasongo wa Tournai

Jambo dada. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nakaa Tournai upande wa Ubelgiji, si mbali na wewe. Njia hiyo nimeipita mara tatu, mara mbili na watoto.

Mpango wako ugeuze. Anzia baharini, panda kwenda ndani. Najua utashangaa, lakini huo mteremko unaoutafuta haupo. Somme ni mto wa kilometa 245, na kutoka chemchemi yake pale Fonsomme hadi baharini hauteremki hata mita 100. Mguu wako hautajua kama unapanda au unashuka. Ndiyo maana bonde zima limejaa madimbwi na mabwawa, maji hayana haraka. Kinachochosha huko ni upepo. Mara nyingi unatoka magharibi na kusini-magharibi, yaani baharini. Ukienda Saint-Valery kutoka Péronne utaula usoni siku tano. Kile kipande cha mwisho, kutoka Abbeville hadi Saint-Valery, ni mfereji ulionyooka kama rula, kama kilometa 15, wazi, hakuna cha kukukinga. Nilimwona binti yangu analia pale. Ukianzia baharini, upepo huohuo unakusukuma mgongoni.

Sababu nyingine: Péronne haina treni ya abiria. Fanya hivi. Kutoka Lille panda TER, yaani treni ya mkoa, hadi Amiens, badilisha uende Noyelles-sur-Mer. TER hupokea baiskeli, ila nafasi ni chache, kwa hiyo usisafiri saa za watu kwenda kazini. Noyelles hadi Saint-Valery ni mwendo mfupi tambarare. Kisha unafuata maji hadi Bray-sur-Somme, unaachana na mto, unapanda kilima kimoja cha kweli hadi Albert, kama kilometa 10, na Albert ina treni ya kurudi Lille. Péronne iache.

Mama Wanjiru, Amiens

Karibuni kwetu Amiens! Nimeishi hapa miaka kumi na mbili na njia hiyo naitembea karibu kila Jumapili.

Ushauri wa Kasongo ni wa kweli, nami naongeza juu ya siku. Usigawanye kilometa sawasawa, mpe mzee siku ndefu mbili na fupi tatu. Saint-Valery hadi kijiji cha Long, lala. Long hadi Amiens, lala. Halafu Amiens hadi Corbie ni kama kilometa 20 tu, goti lipumzike. Jua la Juni huku linazama karibu saa nne usiku, hamtakimbizana na giza.

Kulala: vijijini kuna watu wanaopangisha vyumba nyumbani kwao, chambre d'hôtes, na asubuhi wanakupa chai. Weka nafasi mapema kwa sababu vijiji ni vidogo. Tafuta wenye alama ya Accueil Vélo, hao lazima wawe na mahali pa kufungia baiskeli. Kama mzee anaweza kulala chini, camping za vijiji ni rahisi zaidi, lakini kwa goti lile mimi ningemlipia kitanda.

Chakula ndicho kitakachowatesa msipojipanga. Jumapili mchana vijiji vinalala, na Jumatatu hata duka la mikate hufungwa mahali pengi. Hoteli za chakula zinapika saa sita hadi saa nane mchana, ukifika saa nane na nusu utaonyeshwa mlango. Bebeni mkate, jibini, mayai ya kuchemsha na ndizi za siku nzima. Maji mtapata makaburini. Karibu kila kijiji kina bomba makaburini la kumwagilia maua, angalieni tu pasiwe na kibao cha *eau non potable*, yaani maji yasiyofaa kunywa.

Mzee ni Mkatoliki? Basi Amiens mpe nusu siku. Kanisa letu kuu lilianza kujengwa 1220, na ndani yake kuna fuvu linaloheshimiwa kama la Yohana Mbatizaji, lililoletwa kutoka Konstantinopoli mwaka 1206. Na mkitoka mjini kuelekea Corbie, njia inapita kando ya hortillonnages, bustani za mboga kama hekta 300 zilizokatwakatwa na vijito, wakulima wanafika shambani kwa mashua. Mtu wa kisiwani atapaelewa bila kuelezwa.

Kasongo wa Tournai

Nimesahau mambo mawili. Bima yake ya viza, ile ya angalau euro 30,000, isome vizuri kama ajali ya baiskeli imo. Na mwambie huku ni kulia, si kushoto kama kwenu. Vijijini, gari linalotoka kulia lina haki ya kupita kwanza hata kama linatoka kwenye kichochoro, isipokuwa kuna alama inayosema vinginevyo. Asivae spika za masikioni akiendesha, faini ni euro 135.

Fundi Spoki

Tairi ziwe pana kidogo, milimita 35 hadi 40, kama kuna changarawe. Beba tyubu mbili, pampu, solusheni na viraka. Pancha mwachie mzee azibe mwenyewe, atafurahi.

Chausiku

Jambo moja la usalama. Mzee amekulia ziwani, na Ziwa Victoria halina maji kujaa na kupwa. Ghuba ya Somme inakauka hadi unaona mchanga tupu, halafu bahari inarudi kwa kasi na kuzunguka watu kwa nyuma. Hata kama anajua maji kuliko sisi sote, msiingie mchangani bila kiongozi wa pale. Sili, wale wanyama wa baharini, mtawaona hata kutoka ukingoni mkiwa na darubini.

Binti Nansio

Asanteni sana. Nimegeuza safari, tunaanzia baharini. Nitarudi kuwaeleza.

Binti Nansio (wiki tano baadaye)

Ndugu zangu, tumerudi salama, siku sita badala ya tano.

Upepo ulitusukuma kama Kasongo alivyosema. Kwenye ule mfereji ulionyooka tulipishana na wazungu wawili wanaokwenda baharini, wameinama hadi kidevu kimegusa usukani, na baba akawasalimia kwa huruma ya kweli. Goti halikumuuma mpaka siku ya tano, kwenye kilima cha Albert, tukashuka tukasukuma. Pancha ilikuwa moja, ya kwangu. Aliiziba amechuchumaa ukingoni, akatumbukiza tyubu mtoni kutafuta povu, na dakika kumi hazikuisha.

Karibu na Noyelles tulipita makaburi ya Wachina, zaidi ya 800, walioletwa kufanya kazi nyuma ya Waingereza katika ile vita ya kwanza. Mistari meupe shambani, kimya. Baba aliuliza walikuwa askari? Nikamwambia hapana, wabebaji na vibarua. Alivua kofia. Babu yake alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo vita hiyohiyo, Carrier Corps, hao walioipa Kariakoo jina lake. Hakurudi na hakuna anayejua alizikwa wapi. Baba alitembea mistari yote hadi mwisho, nami nikashika baiskeli mbili.

Na Long. Palikuwa na mzee mmoja anavua kwa fimbo ndefu, amekaa kwenye kiti cha kitambaa. Alikuwa amepata samaki mpana, mwembamba, rangi ya shaba, wanamwita brème. Baba alisimama, akamtazama samaki, akaniambia, "Huyu ni ndugu yake sato." Akang'oa jani refu la ukingoni, akalipitisha kwenye shavu la samaki likatokea mdomoni, akafunga fundo moja, akamkabidhi mwenyewe amning'inize. Yule mzee alicheka, akatafuta kiti cha pili kwenye gari lake. Walikaa zaidi ya saa nzima, mmoja anaongea Kifaransa na mwingine Kikerewe, na nilipotaka kutafsiri baba alinionyesha kwa mkono nikae.

Anaondoka Jumamosi. Fundi Spoki, anauliza uko mtaa gani Mwanza. Atakuwa na saa kadhaa za kungoja meli ya Nansio, anataka kupita kukushukuru kwa habari ya kiti.